Simu ya Nne Nyumbani kwa Bi Mkubwa

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa karani wa mizani ya karafuu. Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Gunia linawekwa, sindano inatulia, unasoma uzito kwa sauti ili mkulima naye asikie, halafu unaandika. Lakini mtu akikaa mno kwenye mizani huanza kuamini kwamba kila kitu duniani kinapimika, na kwamba jicho la kupimia analo yeye. Imani hiyo nilirudi nayo nyumbani, na nyumbani kwangu wake ni wawili.

Wa kwanza sote tunamwita Bi Mkubwa, na wa pili Bi Mdogo, ijapokuwa Bi Mdogo naye sasa ana mvi. Nyumba zao ziko Tibirinzi, kwenye kiwanja alichoniachia baba yangu. Sikuwa na ardhi nyengine mjini, kwa hiyo nyumba ya pili niliijenga nyuma ya ile ya kwanza, uani kwa uani. Ya Bi Mkubwa inatazama njia ya juu. Ya Bi Mdogo nikaielekeza njia ya chini, makusudi kabisa, na katikati ya nyua mbili nikasimamisha ua wa miti na mabati. Siku nilipomwambia Bi Mkubwa kwamba nataka kuoa tena, aliendelea kuchagua mchele mpaka ungo ukaisha, kisha akasema, "Oa. Lakini mie nisimwone." Nikaahidi. Nilifurahi kuahidi, kwa sababu nilikuwa nimetazamia maneno makubwa zaidi ya hayo.

Basi kwa miaka yote hiyo nimekuwa mtu wa kuzunguka. Zamu ya Bi Mdogo ikifika, natoka kwa Bi Mkubwa baada ya sala ya alasiri na mkoba wangu mkononi, nateremka njia ya juu, napita msikitini, nakata kwenye duka la pembeni, naingia njia ya chini na kupanda tena mpaka kwa Bi Mdogo. Ningekuwa kunguru ningefika kwa kupiga mbawa mara moja. Lakini niliuona mzunguko ule kuwa ndio bei ya amani, na amani hiyo niliiamini kuwa ni kazi ya mikono yangu. Samaki nikinunua, nanunua wawili wenye vichwa vinavyolingana. Kanga nikileta, naleta doti mbili, na sikubali moja iwe na rangi inayong'aa zaidi ya nyengine. Kwenye harusi na misiba sijui walikaa vipi, maana kwa wanawake mimi sifiki, ila sikuwahi kusikia kwamba wamegombana. Nikimshukuru Mungu, kisha kidogo nikijishukuru na mimi.

Lazima nieleze pia kwamba uani nilikuwa siingii. Baba yetu alitufundisha kwamba mwanamume anayechungulia jikoni hana kazi. Nyumba zote mbili zina choo na bafu ndani, kwa hiyo hakukuwa na la kunipeleka huko. Nikimtaka mmoja wao nasimama kwenye kizingiti cha nyuma naita, na kutoka kizingitini pembe iliyo nyuma ya banda la jiko haionekani.

Yako mambo ambayo mtu mwenye jicho la kupimia angeyaona. Chai ya Bi Mdogo haikuwahi kunisubirisha. Nilikuwa nikivuka kizingiti tu, naye anamimina, moto, na kikombe kimeshakaa mezani. Nilimwambia mara nyingi, "Weye una moyo unaoona mbali," naye akiinamisha kichwa na kutabasamu. Sikupata kula mchuzi wa aina moja siku mbili mfululizo. Na daktari aliponambia presha imepanda nipunguze chumvi, nilimwambia Bi Mkubwa peke yake, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa zamu yake. Kesho yake mchuzi wa Bi Mdogo ukaja na chumvi nusu. Nikasema moyoni, haya ndiyo mapenzi, mke anakujua bila ya kuambiwa.

Kisha ikaja waifai.

Mtoto wa kwanza wa Bi Mkubwa anafanya kazi Maskati. Alipokuja likizo aliona mama yake anavyoshika simu juu juu karibu na dirisha, anatafuta bando liamke ili amwone mjukuu. Kabla hajaondoka akamleta fundi, wakafunga ruta sebuleni, juu ya kabati la vyombo, na mtandao wenyewe wakaupa jina: Nyumba ya Mama. Hapo mizani yangu ililala upande mmoja, na mimi nililiona hilo siku ile ile. Nyumba moja ina waifai na nyengine haina. Nikajiambia kwamba hii ni zawadi ya mtoto kwa mama yake, si yangu mimi, kwa hiyo haimo kwenye hesabu. Karani akitaka kudanganya, hujidanganya mwenyewe kwanza.

Mambo yalikwenda vizuri, mpaka siku moja mwanangu akiwa kwenye simu ya video uso wake ukaganda, mdomo wazi kama samaki wa sokoni. Ikawa kila akipiga inaganda. Mwisho akanambia, "Baba, kuna mtu anakunyonyeni mtandao. Hebu tazama simu ngapi zimeshika hapo." Akanielekeza pa kubonyeza kwenye simu yangu. Zilipaswa kuwemo yangu, ya Bi Mkubwa na ile ya mjane wa ndugu yangu, ambaye huja kutwa nzima kukaa na Bi Mkubwa na tulikwisha mruhusu. Ilikuwemo ya nne.

Sijui kwa nini jambo dogo kama lile lilinikaa rohoni. Nadhani ni kwa sababu nilistaafu nikiwa mtu ambaye hakuna gunia lililompita. Nikatoka nje. Pembeni ya ukuta wetu kuna baraza wanakokaa vijana wa mtaani, kila mmoja na simu yake.

"Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salaam, mzee. Karibu kitako."

"Kitako sikai. Nataka kumjua nani kati yenu anakula waifai yangu."

Wakaangua kicheko. Mmoja wao, fundi wa pikipiki mwenye mikono ya oili, akasema, "Mzee, sie si waongo. Siku ile ya mwanzo tulijaribu. Tukatia jina lako, ikakataa. Tukatia karafuu, ikakataa. Tukatia mizani, ikakataa."

"Yakhe, mpaka presha tulitia," akadakia mwengine.

"Tukasema mzee huyu mjanja, tukamwacha. Sasa kila mtu na bando lake."

"Basi ni nani?"

"Sasa mzee, sie tukujulie jirani zako? Ukitaka kumjua mlaji, ficha sufuria utazame nani atanuna."

Walicheka tena, na nilipokwisha wapa mgongo nikasikia mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Kwani mzee hajui?" na mwengine akamnyamazisha. Nilisikia vizuri kabisa. Nikalipita neno lile kama ninavyolipita shimo la njiani ninalolijua.

Lakini lile la sufuria lilinikumbusha bondeni, tulipokuwa tukilima mpunga. Ukiona konde lako linakauka na hujui maji yanakwenda kwa nani, unaziba mfereji halafu unakaa kitako. Mwenye mpunga wake atakuja mwenyewe. Nikampigia mwanangu anielekeze namna ya kubadilisha neno la siri. Siku hiyo ilikuwa ni ya kuhamia kwa Bi Mdogo, na mjane wa ndugu yangu alikuwa kwao. Bi Mkubwa alipokuwa juu ya msala anasali alasiri, nikachukua simu yake nikatia neno jipya ili asione tofauti, nikatia kwenye yangu, nikashika mkoba wangu nikatoka. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetega mtego.

Nilizunguka njia yangu kama kawaida, nikabisha, nikaingia kwa Bi Mdogo. Meza ilikuwa tupu.

Yeye mwenyewe alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama kama aliyeona mgeni. "Ushafika!"

"Nimefika. Kwani si zamu yako?"

"Zamu yangu, ndiyo. Lakini mbona leo umekuja ghafla?"

"Ghafla vipi? Saa ni ile ile na njia ni ile ile."

"Basi kaa, n'nabandika chai sasa hivi." Akajifuta mikono, akachukua simu yake mezani, akaitazama, akaitikisa. "Na hii simu nayo leo imenuna. Tangu alasiri haipokei kitu."

"Hebu lete niione."

Akasita kidogo. Halafu akanipa, akaenda jikoni. Nikavaa miwani. Kwenye kioo cha simu yake yalikuwa maneno ninayoyajua: Nyumba ya Mama, na chini yake inadai neno la siri.

Nilikaa na simu ile mkononi. Simu ya nne ilikuwa ya mke wangu. Mimi sikuwaza jengine isipokuwa moja: Bi Mdogo amedokoa waifai ya Bi Mkubwa. Sikujua kwa njia gani, labda kwa mtoto mmoja wa mtaani. Lakini nililijua litakalofuata. Bi Mkubwa akisikia kwamba zawadi ya mwanawe inaliwa na mke mwenziwe kupitia juu ya ua, yale maneno makubwa aliyoyameza siku ile ya mchele atayatoa yote kwa pamoja. Ahadi yangu itavunjika. Nitakuwa mzee mwenye nyumba mbili ambazo hazikaliki, ninalala msikitini kama msafiri. Nilichokijenga kwa miguu yangu, kwa kuzunguka kila zamu, jua na mvua, kitaanguka kwa sababu ya kidude kinachowaka taa juu ya kabati.

Na chini ya hofu hiyo palikuwa na aibu. Kama kadokoa, ni kwa sababu sikumpa. Binti yake yuko Unguja anasomea uuguzi. Yeye hana haja ya kumwona mwanawe? Niliijua haja hiyo nikaifumbia macho.

Alipoleta chai nikamrudishia simu, nikasema, "Labda mtandao wenyewe mbovu leo." Akasema, "Labda." Tukanywa chai, kila mmoja anamwonea mwenziwe huruma kwa siri.

Niliamua kuficha. Asubuhi nilizunguka nikarudi kwa Bi Mkubwa, nimeshapanga la kusema. Sikupata nafasi ya kulisema. Nilimkuta amesimama sebuleni, mkono kiunoni.

"Umebadilisha neno la siri la waifai."

"Umejuaje? Simu yako si inashika?"

Akavuta kanga yake begani. "Nimejua tu. Nambie jipya ni lipi."

"La nini, na mie nimeshalitia kwenye simu yako?"

"Bwana, alonitilia waifai ni mwanangu. Nimesema nambie."

Nikamwambia. Akalirudia midomoni mara mbili kama anayehifadhi sura ya Kurani. Kisha akauliza, "Na hayo yote kwa ajili gani?"

"Kulikuwa na mwizi."

"Mwizi gani?"

"Vijana wa barazani."

"Umewaona?"

"Nimewaona."

"Wallahi?"

"Sikuapa mimi."

Alinitazama vile mkulima anavyomtazama karani aliyesoma uzito kabla sindano haijatulia. Nimetazamwa hivyo mara chache katika kazi yangu, na kila mara mkulima ndiye aliyekuwa na haki. Akatoka kwenda jikoni, mlango wa nyuma ukafungwa.

Nikakaa kwenye kiti changu sebuleni. Vijana wale nilikuwa nimewasingizia mchana kweupe ili kumlinda mke mmoja na mwengine, na bado sikuwa na hakika kama nimefaulu. Nikafungua simu nitazame. Zilikuwemo mbili, yangu na ya Bi Mkubwa. Nikaiweka simu mapajani. Muezini hajaadhini adhuhuri, nikatazama tena, na ile niliyoiita simu ya nne imerudi, sasa ikiwa ya tatu.

Hakuna mtu aliyeingia kwa mlango wa mbele wala aliyetoka. Mimi ndiye niliyekaa hapo. Neno lile la siri tulikuwa tunalijua watu wawili tu. Nilikuwa bado naipiga hesabu hiyo, niliposikia kicheko kutoka uani. Cha Bi Mkubwa nakijua, huanza kifuani na kuchelewa kutoka. Lakini kulikuwa na kicheko cha pili juu yake, chembamba, ambacho nacho nilikijua vizuri, ila sikuwahi kukisikia nikiwa upande ule wa kiwanja.

Niliinuka. Nikafika kwenye kizingiti cha nyuma, mahali pangu pa kusimama na kuita, na kwa mara ya kwanza tangu nisimamishe ule ua wa mabati nikateremka.

Nyuma ya banda la jiko palikuwa na mkeka mmoja. Bi Mkubwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Bi Mdogo amekaa ubavuni mwake anachambua mchicha. Simu imeegemezwa kwenye kinu baina yao, na ndani ya simu yumo binti yangu wa Unguja na kofia ya kazi kichwani, anafundishwa kupika pweza.

"Hodi," nikasema. Neno la kipuuzi kwa mtu aliye kwake.

Hakuna aliyeshtuka. Bi Mdogo alivuta kanga yake kichwani. Bi Mkubwa aliendelea kukuna.

"Mama mkubwa," ikasema simu, "nani huyo?"

"Baba yako. Kapotea njia."

"Subhanallah! Kaingia uani?"

Wakacheka wote watatu, na mimi nikasimama pale na kofia yangu mkononi. Kwenye ua, pale ambapo nilikumbuka kupigilia bati kwa mkono wangu mwenyewe, palikuwa na mlango. Bati lile lile, lakini limetiwa bawaba za mpira wa gari na kitasa cha kamba. Ardhi yake ilikuwa imelika katikati kama ngazi ya msikiti wa zamani. Haikuliwa na miguu ya mwaka mmoja wala miwili.

"Huu mlango wa lini?"

Bi Mkubwa aliionyesha simu kwa kidevu. "Wa tangu huyo akiwa mchanga. Weye ulikuwa Mtambile kwenye msimu."

Nilikumbuka msimu ule. Karafuu zilikuwa nyingi, tulikuwa tunalala kituoni, na nilikuwa nikituma matumizi ya nyumba mbili sawasawa, nikijiona mume mwema.

"Mtoto alilia tangu alfajiri," akasema Bi Mkubwa. "Nikajiambia hayanihusu. Nikatwanga, akalia. Nikasali, akalia. Na mamake simsikii. Nikaja hapa nikaita, kimya. Basi nikang'oa bati lako kwa mchi. Nikamkuta huyu kalala chini, homa inamchemsha, hata kusema hawezi. Nikabeba mtoto."

"Kanibeba na mie," akasema Bi Mdogo.

"Mzito pia."

"Nilikuwa mwembamba wakati huo, dada."

"Mwembamba wa wapi!"

Nikauliza, na nilijua ninapouliza kwamba sauti yangu si ya mwenye nyumba tena, "Kwa nini hamkunambia? Miaka yote hii?"

Mikono ikasimama kwenye mchicha. Bi Mdogo akamtazama mwenziwe. "Sema weye, dada."

Bi Mkubwa aliinua nusu ya nazi kutoka kwenye meno ya mbuzi, akaipiga piga ili nazi iliyokunwa idondoke.

"Tungekwambia tumepatana, ungedhani umesamehewa."

Alisema bila ya hasira. Kama angenitukana, ningekuwa na la kujibu. Nimelichukua neno lile nikalizungusha tangu siku hiyo na sijaliona kasoro. Ni kweli kabisa. Ningeambiwa siku ile niliporudi kutoka Mtambile, ningesema alhamdulillahi, mambo yameisha, nikaenda kukaa barazani. Lililokuwa limeisha ni lao wao wawili. Langu halikuisha, kwa sababu sikuwahi kulianza. Sikumuuliza Bi Mkubwa ule mchele aliuchagua kwa moyo gani. Sikumuuliza Bi Mdogo ilikuwaje kuolewa kwenye nyumba iliyogeuziwa mgongo. Nilijenga ua, nikazunguka, nikaita kuzunguka kwangu uadilifu. Amani niliyokuwa nikijishukuru kwayo waliifanya wao, kwa mchi, na mimi sikuwepo.

"Na vijana wa barazani?" akauliza Bi Mkubwa.

"Niliwasingizia."

"Nilijua."

"Nilikuwa namlinda huyu. Nilidhani kakuibia."

Bi Mdogo aliziba mdomo kwa kanga. Bi Mkubwa alicheka mpaka akayumba juu ya mbuzi. "Aniibie! Neno la siri nilimwandikia kiganjani kwa mkono wangu, siku ile ile ya ruta. Mwanangu kanitilia waifai, mie nile peke yangu, mwenzangu asimwone mwanawe? Hiyo ni mizani gani?"

Nikakaa kwenye jiwe la kufulia. "Nimekukoseeni," nikasema. "Nyote wawili."

"Na kosa lenyewe umelipima?"

"Uzito wake siujui."

"Hapo umesema kweli," akasema. Akainuka, akaisukuma mbuzi kwa mguu mpaka ikafika mbele yangu. "Radhi haiombwi na mtu aliyekaa bure. Kuna nazi moja imebaki."

Sikuwahi kukuna nazi. Binti yangu aliomba simu igeuzwe aone vizuri. Nilikuna, nikajikwaruza kidole, nikamwaga nazi nje ya sahani, na wale wawili wakawa wananielekeza kwa pamoja, kila mmoja anamaliza sentensi ya mwenziwe, kwa ustadi wa watu waliozoea kunizungumzia. Nikaambiwa mambo mengi mchana ule. Nikajua kwamba samaki wangu wa vichwa vinavyolingana walikuwa wakipikwa chungu kimoja, na doti zangu mbili za kanga zilikuwa zikibadilishwa, kwa sababu kila mmoja alipenda rangi ya mwenziwe. Nikajua kwamba zamani nikitoka na mkoba wangu, Bi Mkubwa alikuwa akigonga bati mara tatu, na mimi nilikuwa nikidhani ni kunguru. Siku hizi anaandika kwenye simu neno moja tu: Katoka. Ndiyo sababu siku niliyobadilisha neno la siri chai haikuwa tayari.

Alasiri nilikwenda barazani nikawaomba radhi wale vijana, mbele ya watu. Fundi wa pikipiki akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Yamekwisha, mzee. Sie tulijua utafika tu. Lakini ruta hiyo iko vibaya. Iko kwenye kabati, nyuma ya masufuria. Haipumui." Nikamwita akaja, na Bi Mkubwa akamwamuru aihamishe dirisha la nyuma, linalotazama uani. Tangu siku hiyo mwanangu wa Maskati hajaganda tena. Nilipomweleza yote, akasema, "Baba, kumbe ule mlango hukuujua? Sote tumekua tunapita pale."

Zamu ya Bi Mdogo ilipofika tena, mvua ya masika ilikuwa inanyesha. Nilichukua mkoba wangu, na badala ya kuelekea mbele nikaelekea nyuma. Magoti yangu si yale ya zamani, na siri sasa haipo.

"Wenda wapi?" akauliza Bi Mkubwa.

"Si kwa mwenzio."

"Njia yako waijua. Hiyo si yako."

Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa anatania, na alikuwa anasema kweli. Aliutungua mwavuli ukutani, akanifungulia, akanitia mkononi, akaniweka sawa kola ya kanzu kwa kidole kimoja, jambo ambalo hajalifanya tangu sijui lini. Basi nikatoka kwa mbele. Nikateremka njia ya juu, nikapita msikitini, nikakata dukani. Maji yalikuwa yanateremka na mimi. Njiani nilifikiri juu ya wanawake wawili wanaoujua kila mwendo wangu, na nikaona kwamba ule mzunguko sitaki kufupishiwa, angalau mpaka wao watakapotaka.

Bi Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na taulo. "Ingia, ingia. Kanambia unarowa."

Kikombe kilikuwa mezani, kinafuka. Nikakaa, nikaonja. Sukari ilikuwa kidogo sana. Asubuhi ile daktari alikuwa amenambia nipunguze sukari, na nilikuwa nimemwambia Bi Mkubwa peke yake. Nikainywa chai yote, na kilipobaki kikombe kitupu nikakisukuma mbele kidogo ili aniongeze.